Sura ya Sita: Baada ya Kunawa

"Umebadilisha lebo," alisema Bi Pamba.

"Sijabadilisha."

"Basi umechanganya."

"Dada yangu, mimi hata soksi sichanganyi."

Mtu wa maabara, ambaye hospitali nzima ilimwita Miwani, alisogeza sahani mbili za plastiki chini ya taa. Zilikuwa ndogo, za mviringo, zimejazwa jeli ya rangi ya asali. Mwanafunzi wa uuguzi alikuwa amebonyeza ncha za vidole vyake kwenye jeli hizo, ya kwanza kabla ya kunawa, ya pili baada ya kunawa. Kisha sahani zikawekwa mahali pa joto ili chochote kilichoachwa na vidole kiote na kuonekana.

Sahani ya kwanza ilikuwa na vidoa vyeupe vichache, vya kawaida, vya ngozi ya mtu yeyote. Ya pili ilikuwa imejaa vidoa vyekundu, vinang'aa, kama mtu amedondosha rangi ya kucha kwa mkono unaotetemeka.

"Mtu hanawi akawa mchafu zaidi," alisema Bi Pamba.

"Ndiyo maana nimekuita kabla sijamwambia mtu mwingine. Wangesema nimelewa."

Bi Pamba halikuwa jina lake. Aliitwa hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kuzunguka hospitalini na vijiti vyenye pamba nchani, akipangusa mabomba, vitasa na meza, akitafuta njia ambayo maambukizi yamepitia. Safari hii alikuwa ameitwa kwa ajili ya wodi ya watoto wachanga. Watoto watatu walikuwa wameanza kutoa usaha machoni, kisha wakashikwa na homa. Usaha wa wote watatu, ulipooteshwa kwa Miwani, ulitoa vidoa vyekundu vya namna hiyo hiyo.

Na wote watatu walikuwa mikononi mwa mwanafunzi mmoja. Kamati ya chuo ilikuwa ikae saa nane mchana kumjadili, na Metroni wa wodi alikuwa ameshatamka anachotaka: binti afukuzwe.

"Mafuta yake ya mikono?" aliuliza Bi Pamba. Metroni ndiye aliyeyapata mfukoni mwa binti na kuyaleta kama mtu aliyekamata kisu chenye damu.

"Safi. Hakikuota hata kidoa kimoja."

"Bomba la sinki?"

"Safi. Vikombe vya maziwa, safi. Meza ya kubadilishia nepi, ina mambo yake, lakini si haya mekundu."

"Na Shangazi?"

Miwani alicheka, akavuta sahani nyingine. Shangazi alikuwa muuguzi mkongwe wa wodi ile. Sahani yake ilikuwa vurugu tupu, vidoa vyeupe, vya njano, vya kijivu, vimebanana kama watu kwenye foleni. Chekundu hata kimoja hakikuwemo.

"Kwa hiyo mchafu ana mikono isiyo na tatizo letu," alisema Bi Pamba, "na msafi ndiye analo. Lakini analipata akinawa."

"Au nimebadilisha lebo."

"Umesema huchanganyi soksi."

Alizipiga sahani zote picha, akafunga mkoba wake, akaelekea wodini.

*

Mama Pacha alikuwa ameketi kitandani, mto umelazwa mapajani na mtoto mmoja ananyonya juu yake. Mtoto huyo alimwita Mkubwa, kwa kuwa alitangulia kutoka. Mwenzake, Mdogo, alikuwa chumba cha pili na sindano ya dawa kwenye mkono usiozidi kidole cha mtu mzima.

"Anaendeleaje?" aliuliza Bi Pamba.

"Homa imeshuka. Jicho moja limefunguka. La pili linasubiri amri."

"Wanalala pamoja?"

"Walikuwa wanalala pamoja, kitanda kimoja, shuka moja, wananyonya titi moja kwa zamu. Ndiyo nashindwa kuelewa. Kama ni uchafu wangu, mbona huyu mzima?"

Bi Pamba alimtazama Mkubwa. Macho makavu, kope safi.

"Nani alikuwa akimhudumia huyu?"

"Shangazi wenu, huyo mwenye sauti ya kipaza. Tulipofika waligawana. Shangazi akasema, mimi nachukua anayelia, wewe mwanafunzi chukua mpole. Mdogo ndiye mpole. Akaangukia kwa yule binti."

"Na binti alimhudumia vipi?"

Mama Pacha alimhamisha Mkubwa titi la pili kwanza.

"Sikudanganyi. Alimshika vizuri kuliko mimi. Alimpangusa macho kila asubuhi kwa pamba na maji ya chumvi, jicho hili pamba yake, jicho lile pamba yake. Lakini alikuwa ananawa, dada, ananawa! Akija, ananawa. Akimgusa, ananawa. Anaondoka, ananawa. Mpaka nikamwambia mama mkwe wangu, huyu ana kitu anakificha."

"Na Shangazi?"

"Huyo sijamwona sinkini hata siku moja. Anajipaka tu maji yake ya mfukoni, basi."

"Asante."

"Mwambieni yule binti asimguse tena mwanangu," alisema Mama Pacha. "Nimemwambia Metroni, na wewe nakwambia."

Shangazi alipatikana kwenye korido, anasukuma toroli la nepi kwa nyonga huku mikono yote miwili ikifunga kitambaa cha kichwa.

"Mikono yako, Shangazi. Unaisafisha kwa kitu gani?"

"Ahaa, zamu yangu leo!" Alichomoa chupa ndogo ya kitakasa mikono mfukoni, akaitikisa kama kengele. "Hii. Sinki liko mwisho wa wodi, mwanangu. Nikienda kunawa kila nikigusa mtoto, nitastaafu nikiwa njiani."

"Na ukitoka kubadilisha nepi yenye kinyesi?"

"Hii hii."

"Hapo unakosea, na unajua. Kitakasa ni cha mikono isiyo na uchafu wa kuonekana. Ikishachafuka, ni maji na sabuni."

"Sawa, mwalimu. Ila wa kwangu ni wazima."

"Ndicho kinachonisumbua. Kila muuguzi ana chupa kama hiyo?"

"Kila muuguzi. Mwanafunzi hapewi mpaka amalize mwaka wa kwanza. Metroni anasema wakijua njia ya mkato mapema, hawatajifunza kunawa."

"Mwezi huu wodini kuna wanafunzi wangapi?"

"Yule yule mmoja. Maskini."

Bi Pamba alisimama pale hadi toroli likapinda kona. Wodi nzima, watu wa mfukoni na mtu mmoja wa sinki.

*

Mwanafunzi alikuwa chumba cha kuhifadhia mashuka, ambako Metroni alimweka asiguse mtoto mpaka kamati ikae. Alikuwa anakunja. Mashuka yaliyokunjwa yalikuwa yamepangwa pembe kwa pembe, marefu kama ukuta.

"Njoo unioneshe unavyonawa," alisema Bi Pamba.

"Nimeshaonesha mara mbili, Bi... samahani, dokta."

"Mimi si dokta. Njoo."

Sinki lilikuwa mwisho wa wodi, chini ya dirisha. Binti alipandisha mikono ya sare hadi juu ya viwiko. Hakuwa na pete, hakuwa na saa, kucha amezikata hadi kwenye nyama. Ngozi ya migongo ya mikono yake ilikuwa imepasuka vimistari vyekundu.

"Ndiyo maana ya mafuta?"

"Yalikuwa yanawasha, usiku silali. Mama alinipa. Metroni akasema ndiyo yaliyoleta vijidudu."

"Hayakuleta. Endelea."

Alifungua maji, akalowesha mikono. Alibonyeza chupa ya sabuni mara mbili. Viganja kwa viganja, kiganja juu ya mgongo wa mkono, katikati ya vidole, migongo ya vidole, vidole gumba kwa kuzungusha, ncha za vidole kwenye kiganja. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Akasuuza, akakausha kwa karatasi, na kwa karatasi hiyo hiyo akafunga bomba, asiliguse tena kwa mkono.

Hakukuwa na kosa hata ukilitafuta.

"Nani alikufundisha?"

"Metroni. Mwanzoni alikuwa ananisifia mbele ya wenzangu. Alisema nitakuwa mfano." Alitupa karatasi kwenye pipa la kukanyaga, kwa mguu. "Nyumbani mdogo wangu ananiita Sista, kama nimeshakuwa muuguzi kamili. Hata tukigombana. Sista, rudisha rimoti. Leo akiniuliza kamati imesemaje, sijui nitamjibu nini."

Bi Pamba alikuwa anatazama chupa.

Ilikuwa chupa kubwa ya plastiki nyeupe, ya kubonyeza juu, imesimama kwenye kona ya sinki. Ilijaa hadi shingoni. Alivaa glavu, akaiinua. Ilitoka kwa kukwama kidogo, na pale ilipokuwa imesimama palibaki alama ya duara, nyororo. Aliiinamisha kuelekea dirishani. Ndani, juu ya sakafu ya chupa, palikuwa na kitu chembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa. Kilitikisika taratibu, kikakaa tena.

"Chupa hii inaoshwa na nani?"

Binti alikaribia kucheka, halafu akakumbuka alipo.

"Chupa ya sabuni?"

"Ndiyo."

"Lakini... ndani si kuna sabuni?"

"Jibu swali."

"Haioshwi. Nani aoshe chupa ya sabuni?"

Bi Pamba alichukua vijiti vyake. Kimoja alikizungusha kwenye mdomo wa pampu, kingine akakiteremsha hadi chini kwenye ule utando. Kisha akamimina sabuni kidogo kwenye kichupa cha maabara, akaifunga chupa yenyewe ndani ya mfuko wa plastiki, na akabandika karatasi juu ya sinki: LISITUMIKE.

"Rudi kwenye mashuka," alisema. "Na usinawe hapa tena."

*

Ofisi ya Metroni ilinukia kiwi ya viatu. Mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, sare yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama.

"Bado saa moja kamati ikae, bibie," alisema. "Ripoti yako iko wapi?"

"Sabuni ya sinki la wodi inatoka wapi?"

"Stoo. Inakuja kwenye madumu, nzito kama gundi. Wasichana walikuwa wanabonyeza haitoki, wanachoka, wanaacha kunawa. Nikatafuta dawa."

"Dawa gani?"

"Naipunguza kwa maji. Usinitazame hivyo, maji nachemsha mwenyewe, kwa birika langu, nayaacha yapoe na kifuniko juu. Mimi nimefundisha usafi kabla wewe hujajua kufunga kamba za viatu."

"Maji sina shaka nayo. Unajaza chupa ikiwa imefika wapi?"

"Nusu." Metroni alinyoosha mgongo. "Siku nilipopewa wodi hii nilisema, hapa mtu hatakosa sabuni. Chupa ile haijawahi kukauka tangu siku hiyo. Ulizia wodi nyingine kama wanaweza kusema hivyo."

"Haijawahi kukauka hata mara moja."

"Hata moja."

"Kwa hiyo haijawahi kumwagwa, wala kuoshwa, wala kuachwa ikakauka."

Mkono wa Metroni ulienda kwenye kalamu iliyokuwa mezani, ukaisogeza ilale sambamba na ukingo.

"Ni sabuni," alisema hatimaye.

"Sabuni ya kunawia mikono haiui vijidudu. Inavitelezesha tu, maji yavibebe. Ukiipunguza kwa maji, hata ile nguvu kidogo ya kuvizuia visiote ndani yake inaondoka. Kikiingia kimoja, labda kwenye mdomo wa pampu, kinapata maji, kivuli na mahali pa kukaa. Wewe unaongeza sabuni mpya juu, kile cha chini kinabaki. Kila ukijaza, unakilisha."

"Huna uthibitisho."

"Bado."

"Basi kamati inakaa saa nane."

"Inaweza kukaa. Lakini sheria inataka ripoti yangu mezani, na mimi leo siandiki. Mwambie Mkuu wa Chuo ni kesho asubuhi."

"Wazazi wa watoto wananisubiri nje! Niwaambie nini?"

"Waambie sinki limefungwa," alisema Bi Pamba, "na kila anayemgusa mtoto atatumia kitakasa mpaka sabuni mpya ifike, kwenye chupa mpya. Na mikono ikichafuka, kuna sinki la chumba cha upasuaji. Ni mbali. Watembee."

*

Miwani aliweka tone la sabuni kwenye kioo, akalifunika, akainamia darubini. Kisha akajiondoa kitini na kumpisha Bi Pamba.

Ndani ya duara la mwanga kulikuwa na vijidudu vyenye umbo la vijiti, vingi visivyohesabika, vinakwenda na kurudi, vinagongana, vinapinduka. Kwenye sabuni.

"Hujawahi kuniletea sabuni," alisema Miwani.

"Hakuna anayeishuku sabuni."

"Ni vile vyetu vyekundu?"

"Hapa havina rangi. Otesha."

Asubuhi yake alimkuta Miwani ameshasimama mlangoni, sahani mkononi, ameivalia koti safi kama anakwenda kupigwa picha. Sahani ya sabuni ilikuwa nyekundu kutoka ukingo hadi ukingo, haina hata nafasi ya kuweka ncha ya kalamu. Aliiweka kando ya sahani za macho ya watoto watatu, na kando ya ile ya vidole vya binti baada ya kunawa.

"Na dawa anayopewa Mdogo?" aliuliza Bi Pamba.

"Nimeipima dhidi ya hivi. Vinakufa. Atapona."

*

Mkuu wa Chuo alikuwa na haraka, na alilionesha hilo kwa kuketi ukingoni mwa kiti. Metroni alisimama karibu na dirisha. Mwanafunzi alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi la ukutani, magoti pamoja, mikono imefichwa chini ya mapaja.

Bi Pamba alipanga sahani mezani na kueleza. Hakutumia maneno mengi. Pacha wawili, titi moja, shuka moja, wahudumu wawili. Mmoja anatumia chupa ya mfukoni, mwingine chupa ya sinkini. Vidole kabla, vidole baada. Sabuni.

"Kwa hiyo kadiri alivyokuwa ananawa..." alianza Mkuu wa Chuo.

"Ndivyo alivyokuwa anavichukua."

Mkuu wa Chuo aliirudisha sahani nyekundu mezani kwa ncha za vidole, kisha akavipangusa kwenye suruali bila kujua.

"Na hiyo chupa, nani alikuwa anaijaza?"

Bi Pamba alikuwa na jibu. Alifunga zipu ya mkoba wake, akangoja.

"Naamini ni wahudumu wa usafi," alisema Mkuu wa Chuo, akimgeukia Metroni kwa upole. "Hawa watu wanaagizwa hivi, wanafanya vile. Sivyo, Metroni? Tutawapa onyo."

Nje ya dirisha mtu alikuwa anaburuta mtungi wa gesi kwenye saruji. Metroni alingoja mlio ule upite.

"Ni mimi," alisema.

"Maana yake uliwaagiza—"

"Mkuu, nimesema ni mimi. Kwa mkono wangu, kila mara. Hakuna mwingine niliyemruhusu kuigusa."

Mkuu wa Chuo aliketi kitini sawasawa kwa mara ya kwanza. Alitazama saa yake, akatazama sahani.

"Basi," alisema, "la Metroni tutalizungumza kwa wakati wake. Binti, wewe umesikia. Huna hatia. Mikono yako ilikuwa safi muda wote."

"Hapana," alisema Bi Pamba.

Wote walimgeukia.

"Hana kosa, nimeandika hivyo na nimetia sahihi. Lakini mikono yake haikuwa safi. Asiondoke hapa akiamini hivyo."

Mwanafunzi alitoa mikono chini ya mapaja. Aliigeuza, viganja juu, kisha migongo.

"Mdogo," alisema. "Na wale wawili wengine. Ni mimi niliyewapelekea?"

"Ndiyo."

"Nikiwapangusa macho."

"Ndiyo. Ulifanya kila hatua kama inavyotakiwa, na bado ilipita kwako. Kwenye kazi hii hilo linatokea. Likitokea, linatafutwa na kufungwa, halifichwi."

Binti aliitika kwa kichwa mara kadhaa, haraka haraka. Machozi yalimtoka, akainua mkono ayafute, na mkono ukasimama hewani, mbali na uso. Haukushuka wala haukukaribia.

Metroni alitoka dirishani. Alichukua karatasi laini kwenye boksi la Mkuu wa Chuo bila kuomba, akainama mbele ya benchi, akamfuta yeye, jicho la kulia kwa karatasi moja, la kushoto kwa nyingine.

"Mimi ndiye niliyekupa vijidudu hivyo," alisema. "Nilikuwa nakujazia chupa kila asubuhi na kukusifia unavyonawa. Halafu nikakuweka chumba cha mashuka."

"Metroni, Mama Pacha amesema nisimguse tena mwanawe."

"Nitaenda kwake sasa hivi. Nitamwambia ni nani. Akitaka kunitukana, ana haki, nitasimama hapo hapo mpaka amalize."

"Na zamu yangu?"

"Ipo. Kesho saa moja asubuhi." Metroni alinyooka, akakunja zile karatasi mbili kwenye kiganja. "Stoo watakupa chupa yako ya mfukoni. Ukiambiwa wa mwaka wa kwanza hapewi, waambie waje kwangu, kama bado nitakuwapo."

"Asante, Met—"

"Usinishukuru, Sista," alisema, na akatoka kwenda wodini.